Namna ya Kuchunguza Kanuni Zilizofichika katika Mchezo wa Jasura wa Mtandaoni: Mwongozo kwa Wanaoanza

Maswali ya wanaoanza ni yaleyale kila wiki. Mmoja anauliza kama ni kweli kwamba zimwi fulani hudondosha kitu adimu kwa wingi zaidi usiku. Mwingine ameambiwa amvue mhusika wake kofia kabla ya kufungua sanduku. Wa tatu amepigana mara hamsini bila kuambulia chochote, naye anataka kujua kama akaunti yake imelaaniwa. Wanajibiwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao wao wenyewe walisimuliwa tu, na aliyewasimulia naye alisimuliwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutoka kwenye masimulizi hadi kwenye jibu unaloweza kulitetea, kwa kucheza, kuandika na kuhesabu.

Wachezaji wa Kingdom of Loathing, mchezo wa kivinjari ulioanza mwaka 2003, wana jina lao la kazi hii, "spading", linalotokana na sepetu ya kuchimbia. Jina hilo limekaa vizuri, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kuinama na kuchimbua taratibu, na sehemu kubwa ya kinachotoka ardhini ni udongo mtupu. Huo udongo nao huandikwa; kwa maoni yangu, kosa moja linaloharibu uchunguzi mwingi wa wanaoanza ni kuandika mara walizopata na kuacha mara walizokosa.

VINAVYOHITAJIKA KABLA YA KUANZA

Huhitaji kujua kuandika programu. Unahitaji lahajedwali yoyote, hata ya bure kwenye simu, pamoja na kikokotoo chenye alama ya kipeuo cha pili. Unahitaji pia mhusika uliyekwisha kumzoea, yaani unajua amevaa nini, ana ujuzi gani wa kudumu na ni mnyama yupi anayemfuata. Mhusika anayepanda ngazi kila baada ya mapambano machache hafai, kwa sababu kinachopimwa kitakuwa kinabadilika huku wewe unaendelea kupima.

Soma masharti ya matumizi ya mchezo wako mpaka mwisho. Michezo mingi hukataza programu zinazocheza badala ya mtu, akaunti nyingi za mtu mmoja, na kuingilia mawasiliano kati ya kifaa chako na seva. Hatua zote zilizomo humu hufanyika kwa kucheza kwa mkono na kuandika yanayoonekana kwenye skrini, basi.

Jambo la mwisho ni muda. Maswali mengine hujibiwa kwa jioni moja na mengine hudai miezi, na hatua ya 3 itakuonyesha lako limo katika kundi lipi kabla hujalipotezea usingizi.

HATUA ZA KAZI

1. Tafuta kwanza yanayojulikana.

Soma maelezo ya kitu chenyewe ndani ya mchezo, orodha za mabadiliko zinazotolewa na watayarishaji, na kumbukumbu zilizokusanywa na wachezaji wengine. Tenganisha mambo matatu: yaliyotamkwa na watayarishaji, yaliyopimwa na mtu aliyeonyesha hesabu yake, na yale yanayosemwa tu. Angalia tarehe pia, kwa kuwa kipimo kilichofanywa kabla ya sasisho kubwa kinaweza kuwa sahihi kwa mchezo ambao haupo tena.

2. Andika swali moja, pamoja na majibu yanayoshindana.

"Je, pete hii ni nzuri?" si swali linalopimika. Tuchukue mfano utakaotufuata hadi mwisho. Popo wa pangoni hudondosha bawa, na inaaminika kwamba hufanya hivyo katika asilimia 20 ya mapambano. Umepata pete iliyoandikwa kwamba huongeza uwezekano wa kupata vitu kwa asilimia 50. Maneno hayo yana tafsiri mbili. Pengine pete huzidisha, hivyo asilimia 20 inakuwa 30. Pengine hujumlisha, hivyo asilimia 20 inakuwa 70. Andika tafsiri zote mbili pamoja na namba zake.

Kisha andika ya tatu, ambayo karibu kila anayeanza huisahau: pete haifanyi lolote kwa bawa hilo, na uwezekano unabaki asilimia 20. Vipo vitu katika michezo ambavyo bonasi za jumla hazivigusi, hasa vile vya misheni, kwa hiyo kisio hilo si la kupuuzwa. Usipoliandika mwanzoni, hutalipima, na mwishoni utatangaza ushindi wa tafsiri moja juu ya nyingine wakati zote mbili hazikuwa sahihi.

3. Amua idadi ya mapambano kabla ya kuanza.

Hapa ndipo pana nadharia pekee utakayoihitaji. Chukua uwezekano unaoutarajia, uuzidishe kwa uwezekano wa kukosa, ugawanye kwa idadi ya mapambano, kisha utafute kipeuo cha pili. Namba inayotoka ndiyo kosa la sampuli, na ukweli kwa kawaida huwa ndani ya makosa mawili kila upande wa kile ulichopima. Kwa uwezekano wa asilimia 20, mapambano 100 yana kosa la pointi 4 za asilimia, mapambano 400 yana kosa la pointi 2, na mapambano 1,600 yana kosa la pointi 1. Angalia mwendo wake: ili kosa lipungue kwa nusu, kazi huongezeka mara nne.

Rudi sasa kwenye pete. Kutofautisha asilimia 30 na asilimia 70 ni jambo jepesi, kwa sababu katika mapambano 40 tafsiri moja inatarajia mabawa 12 na nyingine inatarajia 28. Kutofautisha asilimia 20 na 30, yaani kujua kama pete inafanya kazi yoyote, hudai takriban mapambano 300 ukiwa umeivaa na mengine 300 bila kuivaa. Na kama uvumi unaouchunguza ni kwamba usiku huongeza uwezekano kutoka asilimia 20 hadi 25, jitayarishe kwa mapambano kama 1,100 ya usiku na mengine 1,100 ya mchana. Uvumi wa aina hiyo huishi miaka mingi kwa sababu hiyohiyo: hakuna mtu mmoja anayecheza mara za kutosha kuuthibitisha wala kuukanusha.

Onyo: ukishaamua idadi, usiibadilishe kwa kufuata matokeo. Anayesimama siku ambayo namba zimempendeza, au anayeongeza mapambano hamsini kwa kuwa hazijampendeza, atapata jibu alilolitaka tangu mwanzo.

4. Tengeneza jedwali kabla ya pambano la kwanza.

Safu zinazonitosha mimi ni nane: namba ya pambano, tarehe na saa, mahali, adui, ngazi ya mhusika, kinachojaribiwa, matokeo ya pambano, na idadi ya vitu vilivyodondoka. Safu ya tisa huiacha kwa maelezo yoyote ya ajabu. Mistari mitatu kutoka katika jedwali la aina hiyo inaonekana hivi:

117 / 14 Machi, 17:42 / pango la chini / popo / ngazi 31 / bila pete / ushindi / 0
118 / 14 Machi, 17:43 / pango la chini / popo / ngazi 31 / bila pete / ushindi / 1
119 / 14 Machi, 17:45 / pango la chini / buibui / ngazi 31 / bila pete / ushindi / 0 / popo hakutokea

Mstari wa 119 hauhusiani na bawa hata kidogo, na bado umeandikwa. Baadaye unaweza kugundua kwamba pete haibadilishi udondoshaji bali hubadilisha ni adui gani anayetokea, na mistari ya namna hiyo ndiyo itakayokuambia.

Andika saa kwa mfumo wa saa 24, tena kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia) au kwa saa ya seva, na utaje mojawapo juu ya jedwali. Sisi tunaohesabu saa kuanzia asubuhi tuna mtego wa ziada hapa: "saa mbili usiku" ya mmoja huingia katika jedwali la mwenzake ikiwa 02:00 badala ya 20:00, na uchunguzi wowote kuhusu mchana na usiku umekwisha kuharibika kabla haujaanza.

5. Funga kila kitu kingine.

Mavazi, dawa, mnyama, ngazi, mahali, kundi unalochezea, hata lugha uliyoichagua kwenye mipangilio: vyote vibaki vilevile, isipokuwa kile kimoja unachokipima. Usifanye mapambano yote 300 bila pete wiki hii na yote 300 ukiwa na pete wiki ijayo, kwa sababu huwezi kujua kilichobadilika kati ya wiki hizo mbili. Badilishana kwa mafungu: hamsini bila pete, mia moja nayo, mia moja bila, na kuendelea hivyo hadi idadi itimie. Sherehe ya siku tatu au sasisho dogo lisilotangazwa likitokea katikati, litagusa pande zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana.

Katika mchezo mmoja nilikusanya mapambano zaidi ya mia tano kwa majuma mawili, nikifuatilia athari ya dawa fulani. Siku ya kuhesabu nilifungua orodha ya mhusika na kukuta kwamba mnyama wake alikuwa amepanda ngazi mara nne katika kipindi hicho, na kila ngazi ya mnyama huyo ilikuwa ikiongeza vitu vinavyodondoka. Sikuwa nimeandika ngazi yake hata mara moja. Rekodi yote ilikwenda na maji, na tangu siku hiyo mnyama huachwa kambini.

6. Cheza, na uandike papo hapo.

Usiweke akilini mapambano kumi ili uyaandike kwa pamoja, kwa kuwa kumbukumbu huhifadhi ushindi na kusahau ukame. Mchezo wako ukiwa na orodha ya matukio inayoweza kunakiliwa, nakili yote mwishoni mwa kila kikao na uihifadhi kando bila kuigusa, kisha ujaze jedwali kutoka humo. Usipokuwa na orodha hiyo, rekodi skrini. Kagua mkoba wako pia kila baada ya mapambano hamsini: vitu vilivyomo vilingane na jumla ya jedwali. Mkoba uliojaa katika baadhi ya michezo humeza kitu bila kukuarifu, nawe utaandika sifuri mahali pasipo na sifuri.

7. Hesabu.

Tuseme umemaliza. Bila pete umepata mabawa 63 katika mapambano 300, yaani asilimia 21. Ukiwa na pete umepata 94 katika 300, yaani asilimia 31.3. Kosa la upande wa kwanza ni pointi 2.35 na la pili ni 2.68. Ili kulinganisha pande mbili, zidisha kila kosa kwa lenyewe, ujumlishe majibu mawili, kisha utafute kipeuo cha pili cha jumla: 5.52 na 7.18 ni 12.7, ambayo kipeuo chake ni takriban 3.6. Tofauti uliyoiona ni pointi 10.3, karibu mara tatu ya kosa lake. Kanuni ninayoifuata ni kwamba chini ya mara mbili sitamki kitu, kati ya mbili na tatu natamka kwa tahadhari, na kuanzia tatu natamka waziwazi.

Kwa hiyo natamka kwa tahadhari kidogo kwamba pete inafanya kazi, haijumlishi, na matokeo yanaafikiana na kuzidisha. Neno "yanaafikiana" nimelichagua. Upande wa pete ungeweza kuwa asilimia 27 au 36 na bado ukatoa mabawa 94. Ni kweli kwamba watayarishaji hupenda namba za mviringo, hivyo 20 na 30 zina mvuto. Ila mvuto huo uutaje kama dhana yako, mbali na kile ulichokipima.

Anayeona asilimia 32.5 katika mapambano 40 na kusherehekea kwamba amethibitisha asilimia 30 hajathibitisha hivyo. Mabawa 13 katika mapambano 40 yana kosa la zaidi ya pointi 7, na nafasi yake inaanzia asilimia 18 hadi 47. Amefuta asilimia 70, jambo jema, lakini bado hajui hata kama pete inafanya kazi.

8. Chunguza kama mapambano yanajitegemea.

Hesabu ya hatua ya 7 inachukulia kwamba kila pambano ni jipya, halikumbuki yaliyolitangulia. Michezo mingi haiko hivyo. Katika Dota 2, ambayo si ya jasura lakini kanuni zake zimechunguzwa sana, uwezo ulioandikwa asilimia 25 huanza na takriban asilimia 8.5 na kupanda kila unapokosa, hadi upate, kisha hurudi mwanzo. Wastani ni uleule, lakini ukame mrefu huwa nadra, na kupata mara mbili mfululizo pia huwa nadra.

Kupima jambo hilo hakuhitaji mapambano mapya. Rudi kwenye jedwali, ongeza safu moja ya "mapambano tangu bawa la mwisho", kisha upange mistari kwa safu hiyo. Popo asiye na kumbukumbu atadondosha kwa kiwango kilekile baada ya pambano 1 la ukame na baada ya mapambano 8. Kiwango kikipanda kadiri ukame unavyorefuka, umekutana na kihesabio kilichofichika, na mchezo unamfariji aliyekosa.

Mfano bora ninaoujua wa ugunduzi wa aina hii umo katika Genshin Impact, uliotoka mwaka 2020, kwa kuwa ungeweza kuanza bila kucheza hata mara moja. Watayarishaji walitangaza kwamba uwezekano wa kupata mhusika wa nyota tano ni asilimia 0.6 kwa kila mvuto (yaani kila jaribio moja la bahati nasibu ya kupata mhusika), kwamba mvuto wa 90 ni wa uhakika, na kwamba wastani ukijumlisha uhakika huo ni asilimia 1.6. Fanya hesabu. Kama uwezekano ungekuwa asilimia 0.6 thabiti hadi mvuto wa 89, kisha uhakika kwenye wa 90, wastani ungekuwa asilimia 1.43 tu, kwa kuwa mchezaji angehitaji mivuto karibu 70 kwa kila nyota tano. Asilimia 1.6 ni mivuto 62 na nusu. Mivuto hiyo saba iliyopungua lazima itokane na mahali fulani, yaani uwezekano unapanda kabla ya kufika 90. Rekodi zilizokusanywa na wachezaji zilionyesha mahali penyewe: kupanda kunaanza karibu na mvuto wa 74. Namba zilizotangazwa zilisema kwamba kuna kitu, na kazi ya sepetu ikasema kiko wapi.

9. Toa matokeo yako pamoja na rekodi ghafi.

Andika swali, idadi uliyoipanga, tarehe, toleo la mchezo, kilichofungwa na ambacho hukuweza kukifunga, hesabu zako, na jedwali lote kama lilivyo. Matokeo yasiyo na jedwali hayawezi kuunganishwa na ya mwingine, wakati mapambano 300 yako na 300 ya mwenzako, yakiandikwa kwa mpangilio mmoja, ni mapambano 600. Jaribio lisilopata kitu nalo litoe. Litamwokolea mtu mwingine majuma mawili.

Onyo la kukusanya: usiwaulize wachezaji "ulipata baada ya mapambano mangapi?" ukadhani umepata sampuli. Watakaojibu ni waliopata, hasa waliopata mapema au waliochelewa kupita kiasi. Waalike watu kabla hawajaanza, wakubali idadi, na wakabidhi jedwali lao hata likiwa tupu.

MASWALI YASIYO NA BAHATI NASIBU

Kuna kundi la maswali ambalo halihitaji mapambano mia tatu, kwa sababu majibu yake hayabadiliki: madhara ya pigo, muda wa kusubiri, pointi za kupanda ngazi. Hapa ujanja ni kuchagua namba za kuanzia zinazotenganisha majibu. Nguvu ikiwa 40, upanga ukiongeza 10 na dawa ikiongeza asilimia 20, basi kujumlisha kwanza kunatoa 60 na kuzidisha kwanza kunatoa 58. Pigo moja linatosha. Dawa mbili za asilimia 20 juu ya nguvu 10 hazikuambii kitu, kwa kuwa zikijumlishwa zinatoa 14 na zikizidishana zinatoa 14.4, nayo skrini itaonyesha 14 katika hali zote mbili; juu ya nguvu 40 zinatoa 56 dhidi ya 57.6, na tofauti inaonekana. Ili kujua kama mchezo hutupa desimali au huikadiria, tafuta jibu linaloishia na nusu: 37 mara 1.5 ni 55.5, hivyo 55 ina maana ya kutupa na 56 ina maana ya kukadiria kwenda juu.

Pigo likiwa na masafa, tuseme kuanzia 0 hadi 20 kwa usawa, usitafute wastani, tafuta kilele. Mapigo 60 yanakuacha na uwezekano wa takriban asilimia 5 tu wa kutokuwa umekiona.

Kuhusu muda, usianze kwa kupima sekunde. Seva nyingi huenda kwa mapigo, yaani vipindi vidogo vilivyo sawa kama vya saa, si mapigo ya silaha, na katika mchezo wa RuneScape pigo moja la seva ni sekunde 0.6, kwa hiyo silaha yenye mapigo 4 hupiga kila baada ya sekunde 2.4 na hakuna silaha ya sekunde 2.5. Tafuta kwanza ukubwa wa pigo katika mchezo wako, na vipimo vingi vilivyoonekana vya ovyo vitajipanga vyenyewe.

Jedwali la pointi za ngazi husomwa kwa kugawanya badala ya kutoa. Katika RuneScape hiyohiyo, ngazi ya 99 hudai pointi 13,034,431 na ya 92 hudai 6,517,253, ambazo ni karibu nusu kamili. Anayetoa ngazi moja kutoka nyingine ataona namba zisizo na mpango. Anayegawanya ataona kwamba mahitaji huongezeka maradufu kila ngazi saba, na fomula yote hutoka hapo.

MATATIZO YANAYOJITOKEZA

Sijapata hata kimoja. Gawanya 3 kwa idadi ya mapambano yako: mapambano 300 bila kitu yanaonyesha kwamba uwezekano, kama upo, huenda hauzidi asilimia 1. Hayaonyeshi kwamba ni sifuri. Na kabla ya kuilaumu akaunti, kumbuka kwamba kitu cha uwezekano wa 1 kati ya 100 humkwepa mchezaji katika mapambano 100 ya kwanza kwa uwezekano wa asilimia 37, yaani zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watatu. Hakikisha pia kwamba umetimiza masharti ya misheni au ya ngazi yanayofungua kitu hicho.

Namba zangu haziafikiani na za mwenzangu. Linganisha kwanza makosa ya sampuli, kwa kuwa asilimia 17 na asilimia 24 katika mapambano 100 kila upande hazina ugomvi wowote. Zikizidi hapo, weka mavazi, ngazi na mnyama kandokando. Mara nyingi chanzo ni ujuzi wa kudumu ambao mmoja aliupata zamani mpaka ameacha kuuona.

Jibu limeangukia katikati ya makisio mawili. Huenda mapambano hayakutosha, au kuna kisio ambalo hukuliandika, kwa mfano bonasi inayogusa kitu kimoja tu kati ya viwili vinavyodondoka. Usichague lililo karibu zaidi. Andika makisio mapya, upange idadi mpya, na uanze jedwali jipya. Data iliyokupa wazo haiwezi tena kuwa shahidi wa wazo hilohilo.

Kiwango kimebadilika katikati ya kazi. Gawanya jedwali katika tarehe hiyo na uhesabu kila kipande peke yake, kisha usome orodha za mabadiliko za siku zinazokaribiana nayo. Kama ulibadilishana mafungu kama ilivyoelezwa katika hatua ya 5, pande zote mbili zitakuwa zimesogea pamoja, na tofauti kati yake bado inatumika. Katika michezo yenye kalenda ya ndani, kama Kingdom of Loathing na miezi yake miwili ya angani, chunguza pia kama tarehe hiyo inaangukia badiliko la mwezi.

Baadhi ya mistari imepotea. Ondoa kikao kizima chenye pengo, hata kama kilikuwa kizuri, na useme kwamba umekiondoa. Usijaze kwa kukumbuka.

Nimegundua hitilafu badala ya kanuni. Ukiona kitu kinajizidisha bila kikomo au pambano linaloweza kurudiwa bila gharama, simama hapohapo. Michezo mingi huhesabu kurudia hitilafu kwa faida kuwa ni kosa linalofungia akaunti, hata kama ulikuwa unapima tu. Watumie watayarishaji mistari ya jedwali inayohusika kwa njia yao rasmi, kwa faragha, pamoja na saa ya kila tukio, na usubiri irekebishwe kabla ya kuionyesha kwa wengine.